Kukadiria uwiano wa kundi zima kwa sampuli: hatua, hesabu na mahali watu wanapoteleza

Ghala lina mifuko ya mbegu, na mnunuzi anataka kujua ni asilimia ngapi zitaota. Kuziotesha zote ni kuzimaliza. Kwa hiyo zinachotwa mbegu 400, zinaoteshwa, na 344 zinachipua. Hiyo ni asilimia 86. Lakini 86 hiyo ni ya zile mbegu 400. Ya ghala zima je?

Hesabu ya kujibu swali hilo haizidi mistari mitatu, na kompyuta yoyote itaifanya. Kinachoharibu majibu ya watu huwa kabla yake, katika namna sampuli ilivyochotwa, au baada yake, katika kudai zaidi ya kile hesabu inachoruhusu. Mfano wa mbegu utatumika karibu kote humu, ingawa hatua ni zilezile kwa wapiga kura, wagonjwa waliopona au bidhaa zenye kasoro: popote ambapo kila kitu kimoja kinajibu "ndiyo" au "hapana".

Liandike swali kwanza

Kabla ya kugusa mfuko, andika kundi zima ni lipi. "Mbegu zote zilizomo ghalani leo" ni kundi. "Mbegu za aina hii" si kundi unaloweza kulichotea sampuli, maana nyingine ziko mahali usipopafikia. Kisha andika "ndiyo" ni nini hasa. Mche uliochipua kufikia siku ya ngapi? Wenye mzizi bila jani unahesabiwa? Uamuzi huo ukiachwa hadi trei zionekane, jicho litaegemea upande unaotamaniwa bila mwenyewe kujua.

Alama za kuanzia ni nne. n ni ukubwa wa sampuli, x ni idadi ya "ndiyo" ndani yake, p ni uwiano wa kweli wa kundi zima ambao hatuujui, na p̂ ni uwiano wa sampuli, yaani x ÷ n. Katika mfano wetu p̂ = 344 ÷ 400 = 0.86.

Kuchota sampuli

Sampuli nasibu ni ile ambayo kila kitu katika kundi kina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na uchaguzi unafanywa na bahati, si na mkono wa mtu. Kwa ghala, ipe mifuko yote namba, toa namba za nasibu kwa lahajedwali (amri ya RANDBETWEEN inatosha), kisha nenda kwenye mfuko uliotajwa hata kama uko chini ya rundo. Ndani ya mfuko chota juu, katikati na chini, kwa sababu mbegu kubwa na ndogo hujitenga mfuko unapotikiswa njiani.

Mifuko iliyo karibu na mlango ndiyo rahisi kuifikia, na ndiyo huenda imepigwa na jua au unyevu kuliko mingine. Ukiichota hiyo tu, hutapima ghala, utapima mlango. Kuongeza idadi hakutibu kosa hilo. Mbegu 4,000 za mlangoni zitakupa jibu lilelile lisilo sahihi, ila sasa litakuwa na kiwango kidogo cha makosa (pointi za kujumlisha na kutoa kando ya jibu) na litaaminiwa zaidi.

Historia ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likiwapata watu kupitia orodha kama za wenye simu na wenye magari. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa takriban asilimia 57. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61. Wakati ule wenye simu na magari hawakuwa picha ya wapiga kura wote, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa picha ya waliotumiwa. Hakuna kanuni ya takwimu inayoweza kuikomboa sampuli ya aina hiyo baada ya kukusanywa.

Kwa watu kuna tatizo la ziada la wasiojibu. Ukimkosa mtu aliyechaguliwa, usimweke jirani aliye tayari badala yake, kwa kuwa wanaopatikana nyumbani mchana hutofautiana na wasiopatikana. Rudi tena saa nyingine, na uweke kumbukumbu ya waliokosekana kabisa.

Sampuli iwe kubwa kiasi gani

Amua kwanza kiwango cha makosa unachoweza kukivumilia, E, kikiwa desimali (pointi 5 za asilimia ni 0.05), na kiwango cha uhakika, yaani ni mara ngapi kati ya mia njia inatakiwa kuishika p ya kweli. Kwa uhakika wa asilimia 95, namba ya kuzidishia, z, ni 1.96, kwa asilimia 90 ni 1.645, kwa asilimia 99 ni 2.576. Kanuni ni hii:

n = z² × p × (1 − p) ÷ E²

Utauliza p itoke wapi wakati ndiyo inayotafutwa. Kama una makadirio ya zamani yanayoaminika, yatumie. Kama huna, weka 0.5, kwa sababu hapo p × (1 − p) hufikia kilele chake, 0.25, na n inayopatikana haitapungua mahitaji hata p ikiwa nyingine. Kwa uhakika wa asilimia 95 na p ya 0.5, pointi 5 zinahitaji 385, pointi 3 zinahitaji 1,068, pointi 2 zinahitaji 2,401 na pointi 1 inahitaji 9,604. Sehemu ya desimali hupandishwa juu daima: 384.16 ni 385, si 384.

Tazama jinsi bei inavyopanda: kupunguza kiwango cha makosa kwa nusu kunataka sampuli mara nne. Ndiyo maana tafiti nyingi za maoni huishia kwenye watu elfu moja hivi.

Ukubwa wa kundi zima haumo katika kanuni, na wengi hawaliamini hilo. Lakini sampuli ya 1,068 ina usahihi uleule kwa kundi la laki tano na kwa kundi la milioni hamsini. Ukubwa wa kundi huanza kuhesabika pale tu sampuli inapokuwa sehemu kubwa yake, kwa kawaida zaidi ya asilimia 5. Hapo punguza: gawanya n kwa 1 + (n − 1) ÷ N, ambapo N ni ukubwa wa kundi. Kundi la 600 likihitaji pointi 5, basi 385 ÷ (1 + 384 ÷ 600) = 234.8, yaani 235.

Mwisho, ongeza kwa ajili ya wasiojibu. Ukihitaji majibu 385 na unatarajia asilimia 70 watajibu, waendee watu 550. Nyongeza hiyo inakulinda na upungufu wa idadi tu. Haikulindi na upendeleo, kama waliokataa wana maoni yao tofauti.

Hesabu ya masafa

Kosa sanifu hueleza p̂ ingeyumba kiasi gani kama uchotaji ungerudiwa mara nyingi:

KS = √[p̂ × (1 − p̂) ÷ n]

Kwa mbegu zetu: 0.86 × 0.14 = 0.1204, gawanya kwa 400, upate 0.000301, kipeuo chake cha pili ni 0.01735. Zidisha kwa 1.96, upate 0.034. Toa na ujumlishe kwenye 0.86: masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo tunalokadiria kuwa p imo, ni 0.826 hadi 0.894. Kosa la mara kwa mara hapa ni kugawanya kwa n baada ya kutoa kipeuo badala ya kabla. Ukipata kiwango cha makosa kisichofika hata nusu pointi kwa sampuli ya mamia, rudi uangalie hatua hiyo.

Njia hii ndiyo inayofundishwa kwanza kila mahali, na ndiyo ningependa iachwe mapema. Inategemea p̂ itawanyike kwa umbo la kengele, na vitabu husema inafaa ikiwa "ndiyo" na "hapana" zote zinafika angalau 10. Sisi tuna 344 na 56, kwa hiyo hakuna neno. Lakini chukua sampuli ya vitu 20 yenye kasoro moja. p̂ ni 0.05, KS ni 0.0487, na masafa yanatoka −0.046 hadi 0.146. Kasoro za asilimia hasi hakuna aliyewahi kuziona. Lililo baya zaidi halionekani kwa macho: kama p ya kweli ni 0.05, basi karibu asilimia 36 ya sampuli za 20 hazitakuwa na kasoro hata moja (0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20). Kila sampuli ya aina hiyo itatoa masafa ya 0 hadi 0, ambayo yamekosa jibu. Masafa yaliyoandikwa "asilimia 95" yanapata kweli asilimia 64 tu ya nyakati.

Dawa ilichapishwa na Edwin Wilson mwaka 1927, na siku hizi hakuna sababu ya kutoitumia kila mara. Iko hivi:

Katikati = (x + z² ÷ 2) ÷ (n + z²)

Upana wa upande mmoja = [z ÷ (n + z²)] × √[n × p̂ × (1 − p̂) + z² ÷ 4]

Kwa asilimia 95, z² ni 3.8416. Kasoro 1 kati ya 20 inatoa katikati 2.9208 ÷ 23.8416 = 0.1225 na upana 0.1136, yaani masafa ya 0.009 hadi 0.236. Hayashuki chini ya sifuri, na yanakiri kwamba vitu 20 havitoshi kusema mengi. Kwa mbegu 344 kati ya 400, Wilson inatoa 0.823 hadi 0.891, karibu sawa na ile ya kwanza. Sampuli ikiwa kubwa na p̂ ikiwa mbali na ncha, njia zote hukutana. Zikitofautiana sana, iamini ya Wilson.

Asiye na kompyuta anaweza kuongeza "ndiyo" mbili na "hapana" mbili za kubuni, kisha kutumia kanuni ya kwanza. Kwa 1 kati ya 20 hiyo inakuwa 3 kati ya 24, na masafa ni −0.007 hadi 0.257; ukomo wa chini unakatwa uwe sifuri. Si safi kama Wilson, lakini iko mbali sana na aibu ya mwanzo.

Ipo pia njia ya Clopper na Pearson ya mwaka 1934, inayotumia uwezekano wa binomia (uwezekano kamili wa kupata "ndiyo" x kati ya n) moja kwa moja. Kwenye lahajedwali ukomo wa chini ni BETA.INV(0.025, x, n−x+1) na wa juu BETA.INV(0.975, x+1, n−x). Kwa 1 kati ya 20 inatoa 0.001 hadi 0.249. Inahakikisha haishuki chini ya asilimia 95, na malipo yake ni masafa mapana kuliko inavyohitajika. Ichague pale ambapo kukosea ni hatari, kwa mfano madhara ya dawa.

Anayetumia R, programu ya kompyuta ya takwimu, ajue kwamba prop.test huongeza marekebisho yake yenyewe usipoikataza. Ili upate Wilson halisi andika prop.test(344, 400, correct=FALSE). Ile ya Clopper na Pearson ni binom.test.

Ukipata sifuri

Vitu 100 vimekaguliwa na hakuna kasoro. Haina maana kwamba kasoro hazipo. Gawanya 3 kwa n: kwa uhakika wa asilimia 95, kasoro hazizidi takriban 3 ÷ 100, yaani asilimia 3. Hesabu kamili ingetoa 2.95, kwa hiyo njia ya mkato haiko mbali. Kwa 20 mkato unatoa asilimia 15 wakati jibu kamili ni 13.9, chini ya 30 hivi ni afadhali kufanya hesabu kamili, 1 − 0.05^(1/n). Anayetaka kuthibitisha kwamba kasoro hazizidi asilimia 1 anahitaji takriban vitu 300 visivyo na kasoro hata moja.

Kupima dai

Muuzaji anasema asilimia 90 ya mbegu huota. Nadharia tete ya kupimwa ni p = 0.90. Hapa kosa sanifu linahesabiwa kwa namba ya dai, si kwa p̂, kwa kuwa tunauliza nini kingetokea kama dai lingekuwa kweli:

KS = √(0.90 × 0.10 ÷ 400) = 0.015

z = (0.86 − 0.90) ÷ 0.015 = −2.67

Hapa z ni idadi ya makosa sanifu yaliyopo kati ya sampuli na dai. Thamani ya p (si p ya uwiano, bali uwezekano unaotokana na z hiyo) ya pande mbili, inayohesabu kupotoka juu na chini pia, ni 0.008. Maana yake: kama kweli ghala lina asilimia 90, sampuli inayopotoka kiasi hiki au zaidi ingetokea mara 8 hivi katika 1,000. Haisemi kwamba uwezekano wa dai kuwa kweli ni 0.008, na haisemi tofauti ni kubwa au ndogo kibiashara. Kwa hilo rudi kwenye masafa.

Upande mmoja au pande mbili huamuliwa kabla ya kuona data. Kuhamia upande mmoja baadaye ili thamani ya p igawanyike nusu ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyekusudia. Kuchungulia nako ni hivyohivyo: ukipima mara tano kadiri data zinavyoingia, na kusimama punde thamani ya p inaposhuka chini ya 0.05, mpaka wa kawaida wa kulikataa dai, nafasi ya kulikataa dai la kweli si asilimia 5 tena bali takriban 14.

Thamani kubwa ya p nayo hailithibitishi dai. Huenda sampuli ni ndogo mno kuiona tofauti iliyopo. Ili kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kugundua kwamba uotaji ni 85 badala ya 90, kwa kipimo cha pande mbili cha 0.05, zinahitajika mbegu 316. Aliyeotesha 50 asitangaze kwamba "hakuna tofauti".

Maghala mawili

Ghala la pili lina 364 kati ya 400, yaani 0.91. Wengi huweka masafa mawili sambamba: 0.826 hadi 0.894, na 0.882 hadi 0.938. Yanapandana, basi wanahitimisha kwamba hakuna tofauti. Wamekosea. Tofauti ina kosa sanifu lake: jumlisha 0.1204 ÷ 400 na 0.0819 ÷ 400, toa kipeuo, upate 0.0225. Tofauti ya 0.05 ina masafa ya 0.006 hadi 0.094, na sifuri haimo. Masafa yasiyogusana yanaonyesha tofauti. Yanayogusana hayaonyeshi kitu mpaka tofauti yenyewe ihesabiwe. Na iandikwe kuwa ni "pointi 5 za asilimia", kwani "asilimia 5 zaidi" ni jambo jingine.

Sampuli ikichotwa kwa mafungu

Yote yaliyotangulia yalichukulia mbegu 400 zimechotwa moja moja kutoka ghala zima. Kwa kawaida haiwi hivyo. Huchaguliwa mifuko 20 na kutolewa mbegu 20 katika kila mmoja, kama vile watafiti wanavyochagua mitaa kisha nyumba. Mbegu za mfuko mmoja zimekaa pamoja na zimepata unyevu uleule, kwa hiyo mbegu ya ishirini inaongeza habari kidogo kuliko ya kwanza.

Kiasi cha hasara ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi kwa kila fungu na r ni kufanana kwa vitu ndani ya fungu. Kwa m = 20 na r = 0.05, ambayo ni ndogo, inatoka 1.95. Mbegu 400 zinafanya kazi ya 205. Kosa sanifu linazidishwa kwa kipeuo cha 1.95, ambacho ni 1.40: kiwango cha makosa kinatoka pointi 3.4 hadi 4.7, na z ya dai la muuzaji inashuka kutoka 2.67 hadi 1.91. Thamani ya p sasa ni 0.056. Data ni zilezile, lakini muuzaji aliyeonekana kukosea bila shaka sasa ana pa kusimama. Programu haitakuonya, kwa sababu haijui mbegu zimetoka mifuko gani. Inaona 344 na 400 tu.

Kama gharama inaruhusu, ongeza mafungu badala ya kuongeza idadi ndani ya fungu. Mifuko 80 yenye mbegu 5 kila mmoja, kwa r ileile, ina hasara ya 1.2 tu.

Kuandika matokeo

Toa x na n, si asilimia peke yake. Taja masafa, kiwango cha uhakika na njia iliyotumika, kisha eleza sampuli ilichotwaje na wangapi walikosekana. Kwa mfano: "Mbegu 344 kati ya 400 ziliota kufikia siku ya saba (asilimia 86, masafa ya asilimia 95 kwa njia ya Wilson ni 82.3 hadi 89.1). Mbegu zilichotwa kwa nasibu, moja moja, kutoka mifuko yote ya ghala." Desimali moja inatosha, kuandika asilimia 86.00 kwa sampuli ya 400 ni kujidai.

Asilimia 95 ni sifa ya njia: ikirudiwa kwa sampuli nyingi, takriban masafa 19 kati ya 20 yatakuwa yameishika p ya kweli. Hayo uliyonayo mkononi ama yameishika ama yameikosa. Na kiwango cha makosa kinapima kuyumba kwa bahati tu. Mifuko ya mlangoni, swali lililoulizwa kwa kumwelekeza mtu na miche iliyohesabiwa kwa upendeleo havimo ndani yake, kwa hiyo viandikwe kwa maneno chini ya jedwali, palepale msomaji atakapoviona.